Nyange Mpya na Wateja Watatu wa Njombe

Hapo zamani, zamani ya juzi tu, kompyuta zilipoanza kukonda na bei zake zikaanza kunenepa, palikuwa na marafiki watatu pale Njombe mjini. Wa kwanza aliitwa Laina, mchoraji wa kadi za harusi. Wa pili aliitwa Eliuta, mpiga video za harusi hizo hizo. Wa tatu aliitwa Otmari, mwalimu wa sekondari na mwenyekiti wa chama cha walimu cha kuweka na kukopa. Jioni walikunywa chai pamoja dukani kwa Laina, na wote watatu walitumia kompyuta mpakato za aina moja, zilizoitwa Nyange.

Nyange ya zamani ilikuwa nene na nzito, na ubavuni ilikuwa na matundu ya kila kitu. Tundu la flashi lipo, tundu la kadi ya kamera lipo, tundu la projekta lipo, na lilikuwepo jingine ambalo hakuna aliyejua kazi yake, lakini watu walilipenda hivyo hivyo.

Basi kampuni ikatoa Nyange mpya, nyembamba kama chapati ya mtu mchoyo. Matundu yameondolewa yote, limebaki moja, nalo ni la chaja. Kitufe cha kuwasha na kuzima kimehamishwa, kikawekwa bega kwa bega na kitufe cha kufuta. Na bei ilipanda hadi muuza duka mwenyewe aliitaja kwa sauti ya chini, kama mtu anayetoa habari ya msiba.

Laina akaiona picha yake kwenye simu. Picha tu. Akajifunga kilemba vizuri, akajirekodi, akasema:

"Jamani, hii ni sawa na fundi akushonee suruali isiyo na mifuko, halafu akutoze zaidi, eti kwa sababu sasa unaonekana mwembamba. Nikitaka kuchomeka flashi niichomeke wapi? Sikioni?"

Video ile ikaenda. Ikapita Makambako, ikapita Iringa, ikafika Dar es Salaam, ikaingia hadi ofisini kwa wenye kampuni. Nchi nzima ikacheka.

Eliuta hakucheka, maana Eliuta alikuwa amekwishainunua. Aliuza pikipiki yake ili ainunue, na kwa kuwa pikipiki ilikwishaondoka, ilibidi kompyuta iwe nzuri.

"Wewe umewahi kuishika?" akamuuliza Laina.

"Sijaishika, ila macho ninayo."

"Basi nyamaza. Mimi ninayo, na ni tamu."

Siku zikaenda. Eliuta akaitwa kwenye sherehe ya kumuaga binti wa Mama Mgaya, aonyeshe ukutani picha za bibi harusi tangu utotoni. Akaitoa Nyange mpya, ukumbi ukanong'ona kwa kuitamani. Akaushika waya wa projekta, akaizungusha mashine huku, akaizungusha kule. Tundu hapana. Kiunganishi chake, kile kidude cha kuunganisha waya na tundu la chaja, alikuwa amekisahau nyumbani. Wageni wakakaa wakiangalia kitambaa cheupe, na wale wa nyuma wakasimama ili wakione vizuri. Mama Mgaya akamwendea taratibu.

"Eliuta, mwanangu, mbona tunaangalia shuka?"

"Mama, ukumbi wenu umepitwa na wakati."

Hayo yakapita. Akiwa anaitengeneza video ya harusi yenyewe, akataka kufuta kipande ambacho mjomba anakohoa. Kidole kikakosea jirani, mashine ikazimika, na kazi yote ikapotea, mjomba na kikohozi chake. Akairudia kutoka mwanzo. Watu walipouliza mbona imechelewa, akasema aliamua kuongeza ubora.

Lakini kila wiki Eliuta aliingia chumbani, akafunga mlango, akaipigia kampuni. "Dada, ni mimi tena." Akawaeleza kwa upole kitufe kihamie wapi, tundu gani lirudi na kwa nini. Dada wa simu akayachukua yote. Halafu Eliuta alifungua mlango, akatoka nje, na mtu akimuuliza kuhusu mashine, alijibu, "Tamu." Mwalimu wa kwaya akasikia tamu, akanunua. Muuza parachichi akasikia tamu, akanunua.

Sasa mgeukieni Otmari. Chama chake kilikuwa kimepanga kuwanunulia wanachama Nyange mpya, kila mwalimu achangie kidogo na chama kimalizie. Mkutano ukajaa. Wakamngoja mwenyekiti awape baraka. Otmari akasimama, akarekebisha koti.

"Ndugu walimu, mimi sinunui, na chama kisinunue. Wakirudisha matundu na wakashusha bei, tutaongea."

Walimu wakapiga makofi. Wa Songea wakasikia, nao wakakataa. Wa Iringa wakasikia, nao wakakataa. Maboksi ya Nyange yakalala kwenye ghala la kampuni.

Na urafiki nao ukalala. Eliuta alipita mbele ya Otmari bila salamu. Laina aliacha kumpelekea Eliuta wateja. Kila mmoja akanywa chai yake peke yake, na baridi ya Njombe mnaijua ilivyo.

Haukupita muda, kampuni ikanyoosha mikono. Matundu yakarudi. Kitufe kikahamishwa kutoka kwenye ule ujirani mbaya. Bei ikashuka. Kisha kampuni ikamtuma Njombe dada mmoja aitwaye Shemsa, akiwa na boksi moja mkononi. Watu wakakusanyika kwenye ukumbi wa walimu, naye akaweka boksi mezani.

"Hii ni ya kwanza kabisa katika toleo jipya," akasema. "Ni zawadi kwa mtumiaji aliyetufanya tubadilike. Ni mtu mmoja. Nimekuja mnitajie."

Laina akasimama kabla hajaitwa.

"Ni mimi. Watu wote walinung'unika vyumbani, mimi nikasema hadharani na uso wangu ukaonekana. Na shida ninayo. Kompyuta yangu ilishakufa, nachora kadi kwenye simu hadi macho yanauma. Juzi kwenye kadi nimeandika jina la baba mahali pa bwana harusi, na ukoo mzima umeninunia."

Eliuta akainuka. "Laina aliisema mashine ambayo hajawahi kuigusa hata kwa kidole. Mimi niliiishi. Yeye alisema suruali haina mifuko, mimi nikawaeleza mfuko ushonwe wapi. Kila wiki nimewapigia. Na leo natembea kwa miguu na begi la viunganishi begani."

Ukumbi ukamgeukia. Muuza parachichi akasimama polepole.

"Eliuta, wewe si uliniambia ni tamu?"

Eliuta akaangalia viatu vyake. "Nilikuwa nimeuza pikipiki, ndugu yangu. Ningesema nini?"

Otmari akasimama wa mwisho, kama ilivyo kawaida ya wenyeviti. "Laina alisema, wakaendelea kuuza. Eliuta alipiga simu, wakaendelea kuuza. Walimu tulipokataa, ndipo walipoacha. Na binti yangu amepata nafasi ya kusomea uchoraji wa majengo. Chuo kinataka aende na kompyuta."

Watu wakaanza kupiga makofi. Mkewe, Edina, aliyekuwa ameketi mstari wa mbele, akakohoa kidogo.

"Mwalimu, waambie na lile jingine."

"Lipi?"

"La bati."

Otmari akarekebisha koti tena. Kisha akasema, kwa sauti ambayo haikuwa ya mwenyekiti, "Mchango wangu nilikuwa nimeununulia bati za nyumba. Chama kingenunua, walimu wote wangekuwa na mashine isipokuwa mimi. Niliona aibu. Basi nikasimama nikakataa kwa niaba ya wote."

Hakuna aliyepiga makofi, na hakuna aliyezomea. Wapo waliotabasamu, hasa wale ambao nao walikuwa hawana mchango.

Wakamgeukia Shemsa, awaeleze ukweli wa kule ofisini.

"Ukweli ni huu," akasema Shemsa. "Video ya Laina ilitutia aibu, lakini hatukujua turekebishe nini. Simu za Eliuta zilituambia turekebishe nini, lakini biashara ilikuwa inakwenda, tukaona uvivu. Walimu walipokataa, tukaamka. Na tulipoamka, aibu ilikuwa bado ya moto na maelezo yalikuwa tayari. Ningemtoa mmoja wenu, hili boksi lisingekuwepo. Ila boksi ni moja, na dereva wangu anataka kuondoka."

Wale watatu walikuwa wameketi kwenye benchi moja, mara ya kwanza tangu wagombane. Laina akamwinamia Eliuta.

"Kweli uliwapigia kila wiki?"

"Kila wiki."

"Na mbele yangu unasema tamu."

"Ungenicheka."

"Ningekucheka sana," akasema Laina, na akamsogelea kidogo, maana benchi lilikuwa la baridi. Otmari akasikia, akaficha tabasamu kwenye kola ya koti.

Nje dereva akapiga honi. Shemsa akasukuma boksi katikati ya meza, akauliza ukumbi: nimpe nani? Upande wa kulia wakataja jina moja, wa kushoto jingine, wa nyuma la tatu.

Nami nimechoka kuwasikiliza wao, nataka kuwasikia nyinyi. Msiniambie wagawane, mashine haimegwi. Msiniambie wapokezane, kadi na video na chuo vyote vinaitaka mashine siku moja. Yupo aliyesema kwa sauti kitu asichokijua. Yupo aliyekijua na akakinong'ona, huku barabarani akisifu na kuwaponza wenzake. Yupo aliyekataa kwa ushujaa kitu ambacho hakuwa na uwezo wa kukinunua. Honi inapigwa mara ya pili. Semeni basi: lile boksi alistahili kulifungua nani?