Hasira Moja ya Namkunda

Hapo zamani, na si zamani za simba kusema bali zamani za majuzi, kadi za kliniki zikiwepo tayari, aliishi milimani Upare mwanamke aitwaye Namkunda. Alikuwa na hasira nyingi na ruhusa ya moja tu.

Mwanawe Tumsifu alipotimiza mwaka, daktari wa wilaya alimpima damu. Akasema mtoto ana homa ya ini aina ya B, na yaelekea aliipata kwa mama yake siku ya kuzaliwa. Dawa ya kuutuliza ugonjwa ipo. Ya kuung'oa haipo. "Angechanjwa siku ileile," daktari akasema, "huenda tusingekuwa hapa."

Namkunda alirudi nyumbani, akauliza, akajibiwa. Kumbe mumewe Mbonea alijua. Kumbe mama mkwe, Nakijwa, alijua. Kumbe nesi Stumai hakujua, ila aliandika kama anayejua.

Kikao kikaitwa. Mwenyekiti, Mzee Sekiete, akakohoa.

"Binti yangu, kijiji hiki ni kidogo. Hasira tatu hazitaenea. Chagua mmoja umkasirikie mpaka ushibe. Wawili uwasamehe leoleo."

"Niipime hasira kama nyama ya buchani?"

"Mmoja, mama."

"Basi waseme."

Mbonea akasimama. "Mke wangu, lilikuja gari la kuchangia damu. Nilichangia kwa ajili ya soda na biskuti." (Msimcheke. Msimulizi wenu huyu, kwa soda baridi, angetoa na figo.) "Baadaye wakaniita, wakasema nina homa ya ini, nimlete mke apimwe, na akiwa mzima achanjwe. Karatasi nikaificha kwenye kitabu cha nyimbo. Mimi nilinyamaza. Lakini kadi yako ya kliniki ilisema huna! Nikamshukuru Mungu."

"Ulimshukuru kwa sauti gani, mbona sikusikia?"

Nakijwa akasimama. "Kitabu kile nakifungua kila Jumapili. Nikaiona karatasi. Nikasema, nikitamka, huyu binti ataondoka, mwanangu abaki na masufuria. Mimi nilinyamaza. Lakini ugonjwa haukuwa wangu! Mwenyewe ana mdomo."

"Mama, siku najifungua ulinishika mkono."

"Nilikushika, mwanangu."

"Na mkono huo ulikuwa unajua."

Stumai akasimama, kilemba mkononi. "Dada, vipimo vilikuwa vimeisha miezi miwili. Kisanduku cha jibu kwenye kadi kikibaki wazi, mkaguzi ananifokea mbele ya wagonjwa. Nikaandika 'hana'. Chanjo ya mtoto ilikuwa kwenye friji, hatua sita kutoka kitandani kwako, nami sikuitoa kwa kuwa kadi ilisema huna. Mimi niliandika uongo. Lakini hawa wawili walikuwa na ukweli, wakaukalia!"

"Hatua sita," Namkunda akasema.

Akazitembea, mtoto mgongoni. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Tano. Ya sita ikamfikisha mbele ya kiti cha Mwenyekiti. Akageuka.

"Baba Tumsifu, uliogopa nini hasa?"

"Kikombe," Mbonea akasema.

"Kikombe gani?"

"Cha marehemu Charema. Si alipopata macho ya manjano kikombe chake kilivunjwa kilabuni? Akamaliza siku zake akinywea kifuu, peke yake, kule kwenye migomba."

Watu wakatazama vidole vya miguu yao. Kila mmoja alikumbuka kikombe, na mkono uliokivunja.

"Daktari kasema ugonjwa huu hauambukizwi kwa kikombe," Namkunda akasema. "Nani alikivunja, Mzee?"

Sekiete akakohoa tena. Safari hii kikohozi hakikuwa cha uenyekiti.

"Mimi nilikivunja. Lakini ninyi nyote mlipiga makofi!"

Tumsifu akacheka mgongoni, maana alidhani makofi yanakuja. Namkunda akamshusha, akamkumbatia kwa mkono mmoja. Mkono wa pili akauinua, kidole mbele.

"Hasira ni moja. Mmenipimia wenyewe."

Kidole kikaanza kuzunguka kikaoni, polepole, na kilipopita watu waliinama.

Haya, mliokaa hapa mkisikiliza. Msiniambie "wote", ruhusa ni ya mmoja. Aliyejua akaficha, aliyeona akafunika, asiyepima akaandika, au aliyevunja kikombe akapigiwa makofi: je, nani alistahili hasira ile moja?