Upanga Uliouliza Hali za Nyumbani

Kaeni vizuri, na mwenye kikohozi akohoe sasa, maana nikianza sitaki kukatizwa. Katika mji wa Zumrudia, mji wa kuta nyeupe na maji matamu na watu wenye adabu kupita kiasi, alitawala Sultani Mardhuki bin Ghalibu, mtu mkarimu, mnene, mpenda halwa, naye alikuwa na hofu moja tu duniani, nayo ni upanga wake mwenyewe. Marehemu baba yake alichomolewa upanga kiunoni na mwizi aliyejifanya mgeni, akakatwa sikio kwa chuma chake mwenyewe, na tangu siku hiyo Mardhuki hakupata usingizi wa raha.

Basi akaingia barazani tajiri mmoja wa ng'ambo, Bin Shakhbuti, ndevu zimepakwa hina na maneno yamepakwa asali, akainama mpaka kilemba kikagusa zulia, akasema, "Ewe Maulana, taa ya mashariki, nimekuletea panga zenye akili. Ndani ya kila ala amefungwa jini wa ukoo bora, naye humtambua bwana wake kwa moyo. Akishika mwingine, upanga hautoki hata ukivutwa na ngamia."

Wakaitwa wapagazi wenye misuli, wakavuta wakaanguka chali, na upanga kimya. Kisha tajiri akamnong'oneza Sultani sikioni, na Sultani akaushika mpini akausalimu, na sauti nyororo ikajibu kutoka ndani ya ala, "Alaikumu salamu. Ni wewe, bwana wangu? Umeamkaje? Wa nyumbani hawajambo?" Sultani akajibu kwamba wote ni wazima, na upanga ukachomoka wenyewe! Baraza zima likapiga vigelegele, hata kadhi akajisahau.

Aliyenyamaza ni Sarhani peke yake, amiri wa walinzi, kijana hodari lakini mzito wa kuficha lililo moyoni. Akasema, "Maulana, unisamehe. Hao wapagazi nao wangesalimu je?"

Tajiri akacheka. "Mtu na akili zake atausalimu upanga?"

"Na adui akija mbio, atatungoja tujuliane hali?"

Sultani akakunja uso. "Sarhani, wewe umeniomba binti yangu Zuwena. Nitakuoza Idi ikipita, kwa sharti moja. Mpaka siku hiyo nisisikie kinywani mwako neno baya juu ya panga hizi. Neno moja tu, na ndoa hakuna."

Masikini Sarhani! Alimpenda Zuwena hata chakula kilikuwa hakipiti kooni, na Zuwena naye alikuwa akimchungulia kila siku kupitia dirisha la nakshi na kujifanya anatazama njiwa. Akainamisha kichwa, akafunga mdomo. Panga mpya wakagawiwa walinzi wote, na za zamani zikapelekwa kwa mhunzi, zikapondwapondwa na kufanywa meno ya mbuzi za kukunia nazi, zikajaa jikoni mwa jumba la kifalme, na wapishi wakashukuru.

Shida zikaanza. Fungo aliingia bandani kwa kuku wa Sultani, Sarhani akakimbilia huko, akashika mpini na kusalimu kwa haraka.

"Wa nyumbani hawajambo?" akauliza jini.

"Sina wa nyumbani. Sijaoa. Toka, bwana!"

"Lahaula! Mpaka leo? Pole sana, bwana wangu. Kwani kikwazo ni nini, mahari?"

Fungo akala, akashiba, akajilamba masharubu, akaenda zake, na jini bado anatoa pole. Asubuhi Sultani akauliza upanga ulifanyaje kazi, na Sarhani akasema, "Una tabia njema mno, Maulana." Wala hakusema uongo.

Walinzi wengine hawakuwa na sharti la kuwafunga midomo. Walinung'unika kwenye mabaraza ya kahawa, wakaigiza salamu za majini yao, watu wakavunjika mbavu kwa kucheka, na siri yote ikamiminwa mitaani pamoja na kahawa. Miongoni mwa waliocheka alikuwamo Ghashimu, jambazi aliyesifika kwa adabu, ambaye hakumwibia mtu kabla ya kumtakia heri.

Siku ya Idi ikafika. Udi ukafukizwa, halwa ikapangwa, wageni wakaacha silaha mlangoni kama ilivyo desturi. Ghashimu akaingia mikono mitupu, kanzu nyeupe pe, akainama kuubusu mkono wa Sultani, na mkono wake wa pili ukatua kwenye mpini kiunoni mwa Sultani.

"Assalamu alaikumu, ewe jini mtukufu," akanong'ona.

"Alaikumu salamu. Ni wewe, bwana wangu?"

"Ndimi."

"Wa nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo, ila mama anasumbuliwa na miguu."

"Ah, mpe pole mama!" akasema jini kwa huruma, na upanga ukachomoka, ukatua shingoni mwa Sultani.

"Funguo za hazina," akasema Ghashimu, "na tafadhali, asinisogelee mtu."

Walinzi wakashika mipini, na baraza likajaa sauti: umeamkaje, watoto wazima, yule shangazi amepona? Jini wa Sarhani naye akauliza, "Bado hujaoa, bwana wangu?"

Sarhani akatazama shingo ya Sultani, tone la damu limeanza kushuka, kisha akatazama dirisha la nakshi. Alijua kwamba akifungua mdomo anampoteza Zuwena. Moyo ukamuuma, lakini akaufungua mdomo.

"Panga hizi hazifai!" akapaza sauti. "Hazikufaa tangu siku ya kwanza! Zitupeni, shikeni chochote!"

"Sarhani, shika!" Zuwena alikwisha kukimbilia jikoni, na kutoka mlango wa pembeni akamrushia mbuzi ya kukunia nazi, na nazi iliyokunwa bado imening'inia. Ghashimu akageuka kumkata Sarhani, upanga ukanasa katika ubao wa kukalia wa ile mbuzi, Sarhani akauzungusha ubao, upanga ukaruka, na lile jino, ambalo lilikuwa chuma cha upanga wake wa zamani, likamnasa jambazi ukosi wa kanzu na kumlaza chini.

"Nawatakieni Idi njema," akasema Ghashimu akifungwa kamba.

Sultani akapapasa shingo, akapapasa masikio, akayakuta yote mawili. Akasema kwa huzuni, "Umeniokoa, mwanangu. Lakini neno nimelisikia, na baraza zima limelisikia, na ahadi ya sultani haipindwi."

Zuwena akasimama katikati, mikono imejaa tui. "Baba, sharti mliwekeana nyinyi wawili. Anayeolewa ni mimi, na mimi sikuweka sharti lolote."

Sultani akamtazama kadhi, kadhi akatazama halwa, na ndoa ikafungwa jioni ile ile. Sarhani akapewa jumba na bustani, na Bin Shakhbuti akapewa kazi ya kudumu ya kukaa kila asubuhi ghalani, zilimotupwa panga zile, na kuwajulia hali majini, mmoja mmoja, kwa jina. Na funzo nalitoa wazi, mnielewe: silaha isiyojua adui ni nani haiwi na akili kwa kuwa inaongea, na mtawala anayemkataza mlinzi kusema kasoro amejifunga macho mwenyewe.

Siku moja ya fungate mkono wa Sarhani ukagusa kwa bahati mbaya mpini wa ule upanga wake, ambao peke yake haukupelekwa ghalani bali ulitundikwa ukutani kwa pambo, na yeye kwa mazoea akausalimu.

"Wa nyumbani hawajambo?" akauliza jini kwa woga.

Sarhani akamtazama Zuwena, aliyekuwa akimega halwa.

"Hawajambo," akasema.

Upanga ukachomoka papo hapo, kwa mara ya kwanza bila kuchelewa, ukaikata halwa vipande viwili sawasawa.