Chumba cha Buluu cha Kibwana

Chumba hakisemwi mlangoni. Naam, nimesema, na nitasema tena. Mmekuja kumwamkia bibi yenu, mmefika mmebanana hapo kizingitini, huyu anamsukuma yule, "Bibi, mbona kwako kiza hivi?" Ingieni, kaeni mkekani. Mnataka kujua methali hiyo imetoka wapi? Haikutoka mbali. Imetoka hapa hapa Muheza, na chanzo chake ndicho hiki.

Palikuwa na kijana akiitwa Kibwana, fundi wa magodoro ya usufi. Alikuwa mpole, maneno yake machache, lakini akishika jambo habanduki. Kibwana alimpenda Mwanaisha, binti wa Pangani, mshonaji wa kofia. Zile kofia nyeupe za mkono, zenye vitundu vidogo vidogo, ambazo moja tu inakula miezi. Posa ikapokelewa, mahari ikakubaliwa, likabaki jambo moja. Kwa akina Mwanaisha, siku ya harusi haitajwi mpaka shangazi wa binti aende akaione nyumba atakayokaa mwana wao. Akirudi akasema, "Nimeiona," watu wanaanza kupepeta mchele. Akirudi kimya, basi, posa imekufa.

Sasa nyumba ya Kibwana ilikuwa na chumba kimoja kikubwa, na ng'ambo ya njia palikuwa na paa la bati jipya la jirani. Jua likipanda, bati lile linautupa mwanga mle ndani, kuta za chokaa zinaurudisha, na mtu aliyekaa humo anakunja uso kama amelambishwa shubiri. Watu walijua Kibwana atapaka chokaa upya, maana ndivyo ilivyokuwa desturi harusi ikikaribia: chokaa nyeupe pe, na nili kidogo ndani yake ili ing'ae. Yeye akaja na makopo ya rangi ya mafuta. Buluu. Tena si ile buluu changamfu ya milango ya maduka. Hii ilikuwa buluu nzito, iliyokolea, yenye ubaridi, kama wingu la masika kabla halijamwaga mvua. Akapaka kuta zote nne.

Mama yake mdogo, Bi Semeni, ambaye ndiye aliyemlea, alifika na kapu lake la mboga. Alipochungulia, kapu lilimponyoka.

"Kibwana, umerogwa? Hiki ni chumba cha bibi harusi au ghala la mkaa?"

"Ni buluu, mama mdogo."

"Buluu gani imekaribia usiku? Wale wa Pangani watatusema mpaka wakauke koo!"

"Ikikauka itakaa sawa."

Ikakauka, ikazidi kukolea. Majirani nao, mnawajua, hawakubaki nyuma. Mmoja alimuuliza kama anafuga popo.

Kibwana alikuwa na sababu yake, ila hakuweza kuisema. Siku moja alipopeleka godoro kwa akina Mwanaisha, alimkuta binti anashona barazani, leso ya kichwani ameifunga chini kabisa, karibu na nyusi, na machozi yanamtiririka. Weupe wa kofia mbele ya weupe wa ukuta ulikuwa ukimchoma macho, na kichwa kilimgonga mpaka jioni.

"Usimwambie mtu," Mwanaisha alimsihi. "Watasema binti yule mgonjwa, na hapa nyumbani watanikataza kushona."

Kibwana aliapa. Na mtu akishaapa afanyeje? Alipaka rangi.

Siku ya kuonwa nyumba ikafika. Shangazi Mwanakheri alishuka kwenye basi na dada zake wawili, jua likiwa utosini. Alikuwa mwanamke wa miraba minne, mwenye sauti inayofika sokoni kabla yeye hajafika. Wakaja kwa miguu kutoka stendi, macho yao yamejaa jua la njiani, wakasimama mlangoni kama mlivyosimama nyinyi leo.

"Astaghafirullahi! Hiki ni nini?"

"Ni chumba, shangazi. Karibuni ndani."

"Chumba! Mimi naona shimo. Mwanangu haolewi shimoni!"

"Haolewi!" dada zake wakaitikia.

Neno moja tu lingemwokoa Kibwana. Angesema, "Ni kwa ajili ya macho ya Mwanaisha," mambo yangekwisha. Lakini angemvunjia binti siri yake mbele ya wanawake watatu wasiojua kunong'ona. Akalimeza.

"Ingieni mtazame, shangazi. Tafadhali."

"Nitazame nini na sioni kitu? Tunarudi Pangani."

Akageuka kuondoka, lakini jua la mchana la Muheza halina adabu, na koo lake lilikuwa limekauka. "Basi nipeni maji kwanza," akasema.

Bi Semeni alikwenda mtungini mbio, akarudi na kikombe kimejaa. Shangazi Mwanakheri akakiinua, kikafika karibu na mdomo, akakwama. Wanangu, mwanamke yule alikuwa amelea watoto wa ukoo mzima, na hakuna hata mmoja aliyeiponyoka fimbo yake kwa kosa la kunywa maji amesimama. Mtu hanywi maji wima, ndivyo alivyofundisha. Sasa dada zake wanamtazama. Nje hakuna kiti, na ardhi imechemka kama chungu cha kukaangia.

"Karibu mkekani, dada," Bi Semeni akasema kwa upole mtupu. "Maji hayanywewi wima."

"Najua!"

Akaingia amenuna, akaketi, akanywa. Akaomba kikombe cha pili.

Na macho, mkiyapa nafasi, yana kazi yake. Kwanza aliona kikombe. Kisha akaiona mikono yake mwenyewe. Halafu kuta zikaanza kujitokeza polepole, wala hazikuwa nyeusi, zilikuwa buluu, buluu ya kina, imetulia. Ukutani Kibwana alikuwa ametundika kofia aliyoshonewa na Mwanaisha, na juu ya rangi ile vitundu vyake vilihesabika kimoja kimoja. Ule mwanga wa bati la jirani ulifika ndani ukazimika kistaarabu. Shangazi akateremsha ushungi, akaegemea ukuta, akashusha pumzi.

Nje, dada zake waliendelea kuungua.

"Dada! Umemaliza maji?"

Wakasogea karibu.

"Mimi simwoni," mmoja akasema, amenyoosha shingo mlangoni. "Shimo limemmeza!"

Mara wakasikia mkoromo. Wakaanza kupiga kelele kwamba dada yao amezimia, mpaka sauti ile ya sokoni ikatoka ndani.

"Hebu nyamazeni! Mtu hapumziki? Ingieni mkae kwanza, ndipo mseme. Chumba hakisemwi mlangoni!"

Kisha akamwita Kibwana. "Hii kofia kashona Mwanaisha?"

"Ndiyo, shangazi."

"Yule nimemlea mimi. Akishona hujifunga leso mpaka kwenye nyusi, ananiambia anazuia nywele. Nywele zipi, na kichwa kimesukwa? Nikadhani ni madaha ya kisichana." Akamkazia macho. "Rangi hii umeipaka kwa ajili yake?"

Kibwana aliinamisha kichwa.

"Umeapa, siyo? Haya, usiseme. Kaa na kiapo chako, baba."

Akafuta macho kwa ncha ya kanga, akasingizia moshi wa jikoni, na jikoni siku hiyo moto ulikuwa haujawashwa. Alipofika Pangani hata viatu hakuvua. "Nimeiona," alisema, na mchele ukapepetwa.

Mwanaisha alishona kofia katika chumba kile hadi uzeeni, uso wazi, bila leso. Na huyo Mwanaisha ndiye aliyenizaa mimi, humu humu.

Haya, mmekaa vya kutosha. Wewe uliyeniuliza mbona kiza, inua macho. Unaona nini pale ukutani?

"Kofia, Bibi! Ina vitundu vidogo vidogo."

Ulipokuwa umesimama pale uliiona?

"Sikuiona."

Basi mkienda kwa watu mkumbuke. Chumba hakisemwi mlangoni.