Undugu wa Kiboko na Kifuniko

Paukwa?
— Pakawa.
Pakawa nini?
— Pakawa bwawa moja na midomo mikavu mia.
Basi kaeni. Mwenye kukohoa akakohoe nje.

Palikuwa na Kalunguyeye, kinyama cha ukubwa wa ngumi, miiba mgongo mzima. Aliishi peke yake. Si kwamba alikuwa mbaya. Aliyekaa karibu naye aliinuka upesi, basi. Asiye na wa kuzungumza naye hujitafutia kazi, na kazi yake yeye ilikuwa ushenga wa vitu: aliokota hiki, akaokota na kile, akaviozesha.

"Moshi na umbeya ni ndugu," alijiambia. "Vyote hutoka bila kufunguliwa mlango." Akacheka, hi hi hi, akanyamaza. "Jongoo na maziko ni ndugu. Miguu mingi, mwendo mmoja." Hi hi hi. Akanyamaza tena.

Mwaka huo kiangazi kilikuja na hasira. Mito ikakauka, likabaki bwawa moja, na ndani yake kajilaza Kiboko. Akija Swala: "Buuu. Maji yangu." Akija Nyati: "Buuu. Maji yangu." Hata kivuli cha mti kilichoangukia majini alisema ni chake. Wanyama wakasimama ukingoni, ndimi nje.

Kalunguyeye naye, ulimi umekuwa kama gome la mti, akaja, ti-ti-ti, mpaka ukingoni.

"Shikamoo, mzee Kiboko. Kitendawili."

Kiboko alikuwa amechoka kujisikiliza mwenyewe. "Tega."

"Kiboko na kifuniko cha mtungi ni ndugu. Undugu wao ni upi?"

"Wote ni wa mviringo."

"La."

"Wote tunapendwa."

"La kabisa, mzee wangu."

Nyati akacheka. Kiboko akazama, gubu gubu gubu, akaibuka mtupu. Kilichomuuma si kutojua. Kilichomuuma ni kwamba pale bwawani palikuwa na kitu ambacho si chake.

"Haya, nimeshindwa. Chukua mji, useme. Chukua Kilwa."

Ndiyo ada ya vitendawili tangu enzi za bibi zangu: aliyeshindwa hutoa mji, na aliyepewa husimulia alivyopokewa huko, ndipo afumbue.

"Nilikwenda Kilwa," akasema Kalunguyeye, "nikabisha hodi, wakaona miiba, wakafunga mlango. Siutaki."

"Chukua Tabora."

"Nilikwenda Tabora. Wakanipa kiti, wakahama wao. Siutaki."

"Wewe kidudu, unataka mji gani?"

"Huo ulioulalia."

Kiboko akawaza: kanyama haka kataloweka vidole, katasema jibu, nami nirudi kulala. "Chukua." Akapanda ukingoni, puh, puh, kumpisha mwenye mji aingie.

Kalunguyeye akatia mguu majini. "Nilikwenda Bwawani," akasema, "nikakaribisha wote wenye kiu."

Chubwi, Nyati. Chubwi, Swala. Chubwi, chubwi, chubwi, ukoo mzima wa Nyati. Bwawa likajaa pembe. Kiboko akatafuta pa kutia hata ukucha, hakuona.

"Jibu langu, basi," akanung'unika.

"Vyote viwili vikiondolewa, watu hunywa."

Kiboko akalichukua jibu lake, akaenda nalo kutafuta mto usiokauka, mwendo wa siku tatu.

Wanyama wakanywa. Wakamshukuru Kalunguyeye kwa mbali, si mnajua miiba. Naye, tumbo limejaa maji, akasema: "Kitendawili." Mmoja akapiga mbweu. Mwingine akageuka, akaenda zake. Akangoja. Akakumbuka kwamba tangu azaliwe, aliyewahi kumwitikia "Tega" ni mmoja tu, na huyo sasa yuko njiani anaburuta tumbo.

"Ushindi na nyumba tupu ni ndugu," akasema.

Hakuna aliyeuliza kwa nini.

Hadithi imekatikia hapo. Ikikolea, mgawane, ikichacha, nirudishieni chungu changu. Na funzo, maana mwalimu wenu hali chakula bila funzo: msifananishe-fananishe vitu, ni tabia ya wasio na kazi. Neneni kidogo, nenepeni sana, mlalie maji yenu. Hamtapata shida yoyote.