Tabibu Aliyemfungia Mwanawe Lango

Wametusimulia waliotutangulia kwamba katika kijiji cha Wadi Sidri aliishi tabibu mchamungu, Thabiti bin Najiya. Desturi ya watu wale ilikuwa mgonjwa kubebwa hadi kwa tabibu, popote alipo. Amiri wa mji aliposikia sifa zake akamwita aketi katika baraza lake la shura. Thabiti alikubali shingo upande, akawaacha nyuma mkewe, Bi Rababu, na binti yao Lubaba.

Hata mwaka haukutimia, zikaja habari za tauni huko vijijini. Wajumbe wakababaika, kwani wafanyabiashara hawakutaka kusikia habari ya kufunga lango. Thabiti ndiye aliyesimama akasema, "Asiingie yeyote atokaye huko, hata awe nani." Shura ikaipitisha kauli yake.

Asubuhi moja mlinzi akamjia mbio. "Bwana tabibu, mkeo yuko nje ya lango. Amembeba mtoto, na mtoto hajiwezi."

Maskini Bi Rababu. Alifanya lile ambalo kila mtu wa kwao angelifanya.

Amiri akasema, "Waingie. Watu wa nyumba ya mjumbe wana heshima yao."

Thabiti alijua kwamba akinyamaza tu, mwanawe atapata kitanda, maji baridi na dawa zote za mji. Akasema, "Na wale waliorudishwa jana, ee Amiri, hawakuwa na baba?" Akavua joho la shura, akatoka, na lango likafungwa nyuma yake.

Bi Rababu alikuwa ameketi mchangani. "Baba Lubaba, wanasema ni wewe uliyetufungia."

"Ni mimi, Mama Lubaba."

Bi Rababu akampakatisha mtoto. Lubaba alifariki kabla ya adhuhuri, na baba yake, aliyewaponya watoto wa wengi, hakuwa na la kumpa ila maji na kalima ya shahada. Mama naye hakukawia kumfuata. Thabiti akawazika kwa mikono yake, akabaki nje kuwauguza waliorudishwa, na shura hakuirudia tena.

Mji ulisalimika. Watu wake waliendelea na biashara zao, na wengi hawakuwahi kulijua hata jina la mtoto yule.

Ndugu zangu, kutoa hukumu ni kwepesi akiwa aliyesimama mlangoni ni mtoto wa mwenzio. Tumwombe Mola asitupe mtihani wa Thabiti, na akitupa, asituache peke yetu.