Matanga ya Soko Lililo Hai

Paukwa!

Pakawa!

Huko nyuma sijasikia. Nanyi watu wazima itikieni, msiwaachie watoto peke yao. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale, wanyama walikuwa na soko lao kwenye uwanda wa majani. Ngiri aliuza viazi vya porini. Nungunungu aliuza sindano za kushonea mikeka, kazing'oa mgongoni mwake mwenyewe. Na Bi Kalunguyeye, yule mnyama mdogo mwenye miiba, ambaye hata goti la mbuzi halifikii, aliuza vitumbua.

Ukaja mwaka mbaya. Mvua ikangojwa, haikunyesha. Ikangojwa tena, haikunyesha. Mto ukawa mchanga. Badala ya wateja kumi, wakaja watatu. Badala ya watatu, akaja mmoja. Ngiri akichimba, chwa, chwa, chwa, anapata kiazi kama kidole cha mtoto. Shida ilikuwa ya kweli, wanangu. Asije mtu akawaambia haikuwa ya kweli.

Sasa palikuwa na ndege mmoja, Korongo. Koti jeusi, kipara, shingo ndefu. Korongo hakuuza kitu. Hajapata kuuza hata jani. Lakini hakuna msiba uliompita. Akisikia pana kilio, huyo! Wa kwanza kukaa jamvini, wa mwisho kutoka kwenye sahani.

Asubuhi moja akaja sokoni. Ta, ta, ta, anatembea. Akatazama meza ya Ngiri, akatikisa kichwa. Akatazama meza ya Nungunungu, akafuta chozi.

"Jamani, poleni sana."

"Pole ya nini, Mzee Korongo?" akauliza Ngiri.

"Kumbe hamjaambiwa! Soko lenu limekufa."

"Limekufa?"

"Limekufa. Mnangoja nini? Tandikeni jamvi."

Na wao wakatandika! Hebu nitazameni usoni. Mimi ni mtu mpole, lakini nikifika hapa damu inanichemka. Hawakuuliza limekufa lini. Hawakuuliza wewe umejuaje. Wakafunika bidhaa zao, wakakaa chini, wakaanza:

"Limekufa, limekufa, soko letu limekufa!"

Nanyi mnajua mambo ya matanga. Kwenye matanga hakuna kuuza. Hakuna kununua. Wafiwa hawawashi moto. Wanaokuja kutoa pole ndio huleta chakula na rambirambi. Na kikapu cha rambirambi alikishika nani? Korongo! Akakiweka katikati ya miguu yake mirefu, akafumba macho kama anayeomba dua.

Siku ya kwanza Bi Kalunguyeye akakaa nao jamvini. Akalia. Siku ya pili akakaa, akalia, tena kwa uchungu, maana na yeye alikuwa ameishiwa. Nyumbani alibakiwa na unga wa mchele kibaba kimoja tu, na fukusi walishaanza kuuingia.

Siku ya tatu alfajiri akajiambia: "Unga huu nisipoupika leo, ni wa kumwaga. Nikiumwaga, sina cha kuanzia kesho. Nitakuwa nimefunga biashara moja kwa moja."

Akauchekecha, akatoa fukusi. Akaukoroga kwa tui na iliki, akauacha jua la asubuhi liuumue. Ulipoumuka, akaenda sokoni, akawasha moto, akabandika chuma chake cha vitumbua. Akamimina. Chwaaa!

Kilio kikakatika. Tii!

"Wewe!" akafoka Ngiri. "Huna haya? Unapika msibani?"

"Msiba wa nani, kaka Ngiri?"

"Wa soko!"

"Maiti iko wapi?"

Ngiri akamtazama Nungunungu. Nungunungu akamtazama Ngiri. Hata chini ya jamvi wakachungulia.

"Siku tatu tunalia," akasema Bi Kalunguyeye, na miiba yote imesimama kwa hasira, "na hatujui tunamzika nani! Kaburi liko wapi? Nani kaliosha hilo soko? Soko ni Ngiri. Soko ni Nungunungu. Soko ni mimi. Kaka Ngiri, wewe umekufa?"

"Mimi? Hapana."

"Kaka Nungunungu?"

"Nina njaa tu, dada."

"Basi mimi nami nipo. Nageuza vitumbua vyangu."

Korongo akafumbua jicho moja. "Huyu amevunja mila. Afukuzwe! Asikanyage tena hapa!"

"Afukuzwe!" wakaitikia, lakini sauti zao hazikuwa na nguvu, maana harufu ya iliki ilikuwa imewafikia.

Wangemfukuza kweli? Labda. Walishasimama, na Ngiri alishakishika chuma kile upande mmoja. Mara wakasikia, kwaru, kwaru, kwaru. Ni Kobe. Ametembea siku nne kuja kununua sindano.

"Hodi wenyewe! Poleni na msiba. Kafariki nani?"

Ngiri akakiachia chuma, akainamisha pembe zake.

"Soko," akasema polepole.

"Nani?"

"Soko."

Kobe akatoa shingo yote nje. "Ala! Ndiyo maana! Nimepishana na swala, kundi zima, wanarudi kwao mikono mitupu. Wanasema walikuja juzi kununua viazi, wakawakuta mnagaragara kwa kilio. Nani atauliza bei msibani? Wakatoa rambirambi ya mtama, wakaondoka zao. Na jana ngedere vivyo hivyo."

"Mtama?" akauliza Nungunungu. "Mtama gani?"

Shingo zote zikamgeukia Korongo. Wakakitazama kikapu. Kitupu! Wakalitazama tumbo. Limejaa!

Bi Kalunguyeye akashika kichwa. "Mwaka kama huu, mteja mmoja mtu anamwota! Nao wamekuja kundi zima. Tumewafukuza wenyewe, kwa vilio vyetu! Hata mimi, siku mbili nzima nimekaa hapa nikalia kama nimefiwa na mama."

"Mnajidanganya," akasema Korongo. "Mvua iko wapi? Mvua hakuna!"

"Hakuna, najua. Sijasema ipo. Nimesema mimi nipo. Inuka jamvini!"

Ngiri akashika ncha ya jamvi. Nungunungu akashika ncha ya pili. Wakavuta. Puu! Korongo miguu juu, kipara chini. Matanga yakaanuliwa.

Msidhani mvua ilinyesha siku ile. Haikunyesha. Msidhani uwanda ulijaa wateja. Alikuwepo Kobe peke yake. Ngiri akafunua vile viazi vyake vya kidole, akavipanga vizuri. Nungunungu akamuuzia Kobe sindano, zilizobaki akazifunga begani, akashika njia ya swala: "Wakipumzika, nitawakuta." Na Bi Kalunguyeye akauza vitumbua vya kutosha kununua unga wa kesho. Wa kesho tu. Kesho kutwa ilikuwa na siku yake.

Korongo akajikung'uta vumbi, akajongea motoni. "Dada yangu, nipe kimoja. Cha msiba."

"Cha msiba hakuna. Hapa ni biashara. Panga foleni nyuma ya Kobe."

Na Kobe, mnamjua, alikuwa bado anachagua.

Wanangu, na ninyi wenye vibanda na meza zenu: siku zikiwa ngumu, sema ni ngumu. Ukitaka kulia, lia. Lakini usifunge moyo kabla mlango haujafungwa, na usimruhusu mtu anayeshibia huzuni yako akutangazie kwamba umekwisha. Pika ulichonacho leo, mteja akija akukute.

Hadithi yangu imefika ukingoni, hapa ndipo inapoishia. Atakayeipenda aisimulie, asiyeipenda aniletee ya kwake.