Ndoo Tatu za Ambilikile

Mtu mmoja alikuwa na nyumba ya kupangisha, vyumba sita, nyuma ya nyumba aliyokaa mwenyewe, kule Tukuyu ambako mvua haiombwi. Jina lake Ambilikile. Aliijenga kwa jasho lake mwenyewe, hilo hatumnyimi. Ila alipomaliza kuijenga akawa mkono wa birika, hata msumari wa kuitunza ulimuuma. Paa lilipoanza kuvuja, fundi alipanda, akashuka akitikisa kichwa: mbao mbili zimeoza, mabati matano yameliwa na kutu. Ambilikile akamshukuru fundi, akaenda dukani, akanunua ndoo.

Ndoo ile alimpelekea Tumpe, mshona nguo, mpangaji wa chumba kikubwa cha uani. Masika ya pili akampelekea nyingine. Masika ya tatu, ya tatu. Tumpe alizipokea zote kwa mikono miwili, akasema asante baba, maana ndivyo alivyolelewa. Ambilikile akajiona mjanja kweli kweli. Aliwacheka wenye nyumba wenzake waliobadilisha mabati, akasema hao pesa zinawawasha.

Siku ikafika ya binti yake Atupele kuletewa mahari. Mnajua wenyewe, wanaume hukaa sebuleni na maneno yao, wanawake hukaa kando. Pa kuwaweka wanawake hapakuwepo ila chumba cha Tumpe. Akamwomba, naye akakubali, akahamishia cherehani kwa jirani, akatandika mikeka yake mizuri. Ambilikile akapaka chokaa kuta za chumba kile, zikawa nyeupe pe! Kuta, wapendwa. Juu hakutazama.

Saa nane mchana, wazee wakiwa katikati ya mazungumzo, mvua ikashuka. Ambilikile akasikia matone yakigonga ndoo kule uani. Akatoka kama mtu anayekwenda kuhimiza chakula. Alipofika mlangoni akamkuta mama wa bwana harusi amesimama, kilemba kimelowa chapachapa, gauni lake limejaa chokaa mbichi mgongo mzima.

Mama yule akauliza nyumba hii ni ya nani. Ambilikile akatazama viatu vyake. Tumpe alikuwa amepiga magoti, anaisogeza ndoo ya tatu mahali pake. Alimwona Ambilikile pale mlangoni, akamwonea huruma. Akasema:

"Ni yangu, mama. Nisameheni, sijajaliwa uwezo wa kuitengeneza."

Masikini, wanawake wakampa pole. Mmoja akafungua pindo la kitenge chake, akamtia noti mkononi, ya kuanzia bati. Na Ambilikile amesimama palepale na viatu vyake vilivyong'arishwa, mwenye vyumba sita, anamtazama mpangaji wake akichangiwa paa. Aibu ilimpanda mpaka masikio yakawaka. Alitamani ardhi ipasuke immeze. Alirudi sebuleni, akaketi kwenye kiti chake, akapokea mahari.

Juma lililofuata alileta fundi, mbao na mabati mapya. Nyumba haivuji tena. Lakini mpaka leo akimwona Tumpe anaanika nguo uani, yeye huzunguka kwa nyuma. Na kila mama mkwe wa Atupele akija kumsalimu, humuulizia yule dada mwenye nyumba mbovu, kama Mungu alimjalia bati. Ambilikile hujibu kwamba alijaliwa, huku anatazama viatu vyake.

Ninyi mnaojua bei ya kila bati na kila msumari, niambieni: siku ile pale mlangoni, kusema "ni yangu" kungemgharimu Ambilikile shilingi ngapi?